Nyumba ya Karibu na Kila Kitu

Evarista wa Mbulumbulu alikuwa mtu wa kuangalia, na watu walimcheka kwa hilo. Akikaa kanisani hakuangalia altare peke yake. Aliangalia na dirisha kama mvua inakuja, na mlango kama umerudishwa vizuri, na mtoto wa jirani kama kikohozi chake ni kile cha Jumapili iliyopita au kimebadilika. Shule alisoma mpaka alipoweza kuandika jina lake na kufuata kitabu cha sala, kisha baba yake akamtoa achunge ndama. Mengine yote aliyoyajua katika maisha yake aliyapata kwa macho.

Kuangalia huko hakukuwa na hofu mwanzoni. Hofu iliingia mwaka alipompoteza mjukuu wake wa kwanza.

Binti yake Antonia aliolewa na Sylvesta, bwana shamba aliyepangiwa kazi Digodigo, kule kwenye mifereji ya kumwagilia na barabara ambayo lori likipita leo hujui lingine litapita lini. Mimba ilipokua, Antonia alirudi kujifungulia kwa mama yake. Uchungu ukamshika katikati ya masika. Wanaume wakambeba kwa machela kutoka Mbulumbulu, udongo mwekundu ukiwavua viatu, na Evarista akikimbia pembeni na khanga imemlowa mwilini, akipiga kelele, "Upesi! Upesi jamani, mnatembea kama mnakwenda harusini!" Walipofika hospitali huko Karatu walikuwa wamechelewa. Mama alipona. Mtoto alizikwa hata hajapewa jina.

Waliporudi nyumbani waliingia katika kutengwa kule ambako Wairaqw hukuita metimani. Mama aliyefiwa na mtoto hukaa kwake pamoja na watu wa nyumba yake. Hapiti njia wanayopita wengine, hachoti maji wanapochota wengine, hanywei kikombe cha mtu, wala haombi moto kwa jirani, na zaidi ya yote hamsogelei mwenye mimba, maana kifo huwa bado kimemshika nguo. Hukaa hivyo mpaka wazee waseme imetosha. Padri alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na watu waliitikia amina, kisha wakaendelea nayo kimyakimya.

Mtu wa mbali akisikia atadhani ni ukatili. Lakini Evarista aliyaona mambo yalivyokuwa. Kila asubuhi jirani alikuja mpaka kwenye ua wa minyaa, akatundika kibuyu cha maziwa kwenye tawi, akageuka, akawapa mgongo, akasema kwa sauti, "Mmelalaje huko?" Na Evarista alijibu kutoka ndani ya ua, "Tumelala." Kibuyu kile hakikurudishwa, kwa sababu chombo kikishaingia kwenye nyumba ya msiba hakitoki. Kesho kilikuja kingine. Kwa hiyo vibuyu vilijipanga ukutani, na Antonia, amelala kwenye ngozi yake, alivitazama akajua kwamba kila kimoja kuna mtu aliyekubali kukipoteza kwa ajili yake. Alilia alivyotaka. Hakuna aliyemsikia ila ng'ombe na mama yake. Na siku wazee waliposema imetosha, alinyolewa, akaoga, akatoka, na kijiji kizima kikampokea kana kwamba amerudi kutoka safari.

Lakini Evarista alishaamua moyoni mwake ni nani aliyemuua yule mtoto. Ni njia. Ni ule umbali na lile tope. Kwa hiyo Antonia aliposhika mimba tena, mwaka wa themanini na sita, Evarista alimwita mwanawe Inosenti, aliyekuwa dereva wa watalii, akamwambia, "Dada yako safari hii hatabebwa. Nitafutie nyumba ya karibu."

"Karibu na nini, mama?"

"Karibu na kila kitu."

Na Inosenti akaipata.

Ilikuwa nyumba ya Patrisi fundi magari, mpya kabisa, imejengwa miaka ambayo saruji ilitafutwa kama dawa. Watu wa Karatu walikuwa wakipita kuitazama tu. Ilikuwa na vioo madirishani, silingibodi juu, sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka mtu akajiona miguu, na bomba uani kwa wapangaji wote. Choo kilikuwa ndani, cha kuvuta maji. Mbele alikaa Patrisi na mke wake Germana. Pembeni kulikuwa na vyumba viwili, hivyo ndivyo alivyopanga Inosenti, na mkabala wake chumba cha mpangaji mwingine. Na kweli kila kitu kilikuwa kwa miguu. Ukitoka getini, mkono wa kulia kanisa, mbele mashine ya kusaga, kisha soko, na hospitali hapo juu unaiona paa.

"Kama lodji, mama!" Inosenti alisema, akivuta mnyororo wa choo ili aonyeshe. Maji yalipounguruma Evarista alirukia mlangoni.

"Na hicho utakitumia wewe," alisema. "Mimi siwezi kwenda haja kwenye kitu kinachojibu."

Antonia alicheka mpaka akashika tumbo. Evarista alipomwona anacheka, aliisamehe nyumba ile kila kitu, hata choo chake.

Mpangaji wa mkabala alikuwa Nasha, mwanamke wa Kimasai kutoka Nainokanoka. Mume wake Ngoitiko alikuwa askari wa Hifadhi, na alimkodishia chumba mjini kwa sababu hiyohiyo, maana Nasha naye alikuwa mjamzito, miezi michache nyuma ya Antonia. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, akiongea uani Germana alifunga dirisha. Siku ya kwanza tu alivuka ua na kibuyu cha maziwa ya mgando, shanga zikilia shingoni.

"Takwenya, yeyo," alimsalimu Evarista kwa lugha yake, kama binti anavyomsalimu mama.

"Iko," Evarista aliitikia. Kiasi hicho alikijua.

"Nimewaletea. Lakini sikilizeni, kibuyu changu kirudi! Na kisirudi kitupu. Kwetu kibuyu kitupu kina aibu, hakipendi kutembea uchi."

"Tutie nini sasa?" Antonia aliuliza.

"Chochote! Chumvi, sukari kama mnayo, hata umbea."

Kuanzia siku ile kibuyu kilienda na kurudi. Kilikwenda na maharage, kikaja na maziwa. Sukari ilipokosekana madukani kilikwenda na asali. Jioni wale wajawazito wawili walikaa kwenye ngazi ya Nasha, miguu wameinyoosha, wakilinganisha matumbo.

"La kwako limekaa juu, ni msichana," Nasha alisema.

"Na la kwako?"

"La kwangu ni ndama. Linanipiga teke usiku na mchana."

Evarista aliwatazama kutoka dirishani huku akichambua mchele. Aliihesabu njia ya hospitali kichwani kama mtu anavyopapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo upo. Siku nyingine aliitembea kabisa, peke yake, kwa mwendo wa mjamzito, akisimama panapotakiwa kusimama. Haikuwa mbali. Ingekuwa mvua, kulikuwa na changarawe. Alirudi amejaa amani.

Uchungu ulianza asubuhi, jua limetoka, njia kavu. Walitembea. Antonia alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, amemshika mama yake mkono, na kwenye kona ya mashine ya kusaga walisimama akapumua, kisha wakaendelea. Nasha aliwasindikiza mpaka getini akiwapigia kelele, "Uje na huyo msichana haraka, ndama anataka kumwona!" Wauguzi waliwapokea vizuri. Kitanda kilikuwepo. Daktari alikuwepo. Hakuna kilichochelewa.

Alikuwa msichana, kama Nasha alivyosema. Alilia, ila kwa sauti nyembamba, na midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Evarista hakuipenda tangu alipoiona. Alibatizwa pale pale wodini. Kabla ya jioni alikata roho mikononi mwa mama yake.

Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba moyo wa mtoto haukuumbika sawasawa tangu tumboni. Angezaliwa popote, hata katika hospitali kubwa, ingekuwa vigumu.

Evarista alisikia maneno yale akatazama nje ya dirisha. Paa la nyumba ya Patrisi lilionekana likimetameta chini kule. Karibu kabisa.

Baada ya mazishi, Sylvesta akiwa hajapata hata lori la kumtoa Digodigo, walirudi kwenye vyumba vyao viwili. Hapo ndipo Evarista alipogundua jambo ambalo hakuliangalia, yeye aliyeangalia kila kitu. Nyumba ile haikuwa na ua wa minyaa. Bomba lilikuwa moja na njia ya kwenda getini ilikuwa moja, na njia hiyo ilipita mbele ya ngazi ya Nasha. Ukifungua mlango, umeshaingia katika maisha ya watu.

Germana alikuja, akasimama mbali kidogo na kizingiti. Naye alikuwa Mwiraqw, tena kiongozi wa kwaya.

"Poleni sana, Mama Inosenti."

"Tumepoa, mama."

"Kaeni kwa amani. Sisi ni Wakristo, yale ya wazee yamekwisha." Alisema hivyo akitazama sakafu yake nyekundu. Jioni Evarista aliona kwamba vikombe vya Germana, vilivyokuwa vikianikwa kwenye kichanja cha wote uani, vimeondolewa.

Hakumlaumu. Angekuwa yeye angeviondoa mapema zaidi.

Basi akaishika metimani mwenyewe, katikati ya mji, bila mtu kumlazimisha. Bomba lilikuwa mlangoni, lakini yeye alichukua ndoo akateremka mpaka korongoni, chini kabisa ambako hakuna achotaye baada yake. Getini alipita watu wakiwa wamekwenda sokoni. Dirisha la upande wa Nasha akalitundikia blanketi. Watu wa mji hawakuelewa. Mwenye mashine ya kusaga alimwona akipanda na ndoo kichwani akamtania, "Mama, bomba la Patrisi lina chumvi nini?" Akashika njia yake.

Kibaya zaidi kilikuwa Nasha. Asubuhi baada ya mazishi alivuka ua na kibuyu, macho yamemvimba kwa kulia.

"Yeyo! Hodi! Nimeleta maziwa ya Antonia."

Evarista alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alitaka kumwambia. Lakini jambo lile kulitaja usoni kwa mwenye mimba ni kama kumrushia.

"Yeyo, najua mpo. Nasikia mnapumua."

Evarista hakulitoa komeo.

"Mama, mfungulie," Antonia alinong'ona kitandani. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu makaburini. Hakuwa amelia hata chozi. Chakula alikitafuna kisha akakitoa.

"Siwezi, mwanangu. Unajua kwa nini."

Nje Nasha alisubiri, kisha sauti yake ikabadilika. "Aha. Maziwa ya Mmasai leo yananuka? Juzi hayakunuka! Juzi kibuyu kilikuwa kinapita hapa kama mtoto wa nyumba!" Shanga zake zilisikika zikirudi upande wa pili, na mlango wake ukabamizwa.

Siku zilizofuata Evarista alimwona binti yake akikauka. Kule Mbulumbulu alikuwa na ua, vibuyu, na sauti ya jirani kila asubuhi. Hapa alisikia vicheko vya watu waliokuwa wakienda sokoni hatua chache kutoka kwenye mto wake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza mgongo kwa heshima na kuuliza wamelalaje. Na bado hakuwa amelia. Angelilia wapi? Ukuta ulikuwa mmoja na wa Germana, na kila kitu kilisikika.

Mchana mmoja Evarista alirudi kutoka korongoni akamkuta Antonia hayupo kitandani. Alitua ndoo, akatoka nje. Walikuwa kwenye ngazi ya Nasha, wote wawili, miguu wameinyoosha kama zamani, ungo wa maharage katikati yao. Nasha alikuwa akisema jambo kwa sauti ya chini, sauti ambayo Evarista hakujua kwamba anayo. Na mkono wa Antonia ulikuwa umewekwa juu ya tumbo la Nasha.

"Antonia!"

Ungo ulimwagika. Evarista alivuka ua, akamshika binti yake mkono, akamvuta kama mtu anavyomvuta mtoto kutoka kwenye moto.

"Nimefanya nini?" Nasha alisimama, mikono kiunoni. "Yeyo, nimekukosea nini mimi? Niambie basi, nitukane, lakini usinipite kama jiwe!"

Evarista alitikisa kichwa tu, machozi yakimtoka, akarudi nyuma hatua kwa hatua ili kivuli chake kisimguse.

Ndani, Antonia alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa hiyo mimi ni ugonjwa, aayo?" alisema. Alimwita mama kwa Kiiraqw, kama alipokuwa mdogo.

"Wewe si ugonjwa."

"Mtoto wake alipiga teke mkononi mwangu. Sikutaka kumdhuru. Nilitaka tu kusikia."

Evarista angeweza kumwachia akae na Nasha, apate mtu wa kumchekesha na kula naye, na pengine angepona. Na kama halafu mtoto wa Nasha angezaliwa na midomo ya rangi ile? Padri angesema hakuna uhusiano. Daktari angesema vivyo hivyo. Lakini si wao ambao wangemtazama Nasha usoni, na si wao ambao wangemtazama Antonia.

Jioni alimwendea Germana, akasimama mbali.

"Mama Germana, tunaondoka."

"Sikukufukuza mimi." Germana alijifuta mikono kwa khanga, aibu imemjaa. "Mungu ananiona, sikukufukuza."

"Najua. Nakuomba neno moja. Huyu binti wa watu aambiwe na mtu mwingine, si mimi, na asiambiwe mpaka tumeshafunga mizigo. Aambiwe kwetu ni desturi, si dharau. Kwamba tulimkimbia kwa sababu tunampenda."

"Nitamwambia," Germana alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mimi nilipofiwa na wangu, mama mkwe alinitengea kibanda shambani. Nilimchukia. Lakini nililia humo mpaka nikamaliza."

Inosenti alikuja na Landrova asubuhi kati ya safari zake, amekunja uso. "Mama, nyumba hii watu wanaililia! Unamrudisha dada kule kwenye tope, mbali na hospitali, mbali na kila kitu?"

"Nyumba ni nzuri, baba. Umefanya vizuri, Mungu akubariki. Lakini imejengwa kwa ajili ya watu walio na furaha. Gari usililete mlangoni, liache barabarani. Tutapita nyuma."

"Nyuma hakuna njia, mama. Kuna seng'enge."

Na kweli hapakuwa na njia. Ilibidi wapite mbele ya ngazi ya Nasha kama watu wote. Inosenti alitangulia na godoro la sponji kichwani, Antonia akafuata amejifunika khanga mpaka machoni, Evarista nyuma na masufuria. Mlango wa Nasha ulikuwa umefungwa. Evarista alishukuru, na moyo ukamuuma pia.

Lakini walipofika getini walimkuta. Alikuwa ng'ambo ya barabara, mbali inavyostahili, amewapa mgongo. Shuka lake jekundu lilipepea. Alisimama wima kabisa, kama mtu aliyefundishwa jambo na kuogopa kulikosea. Na kwenye nguzo ya geti, juu ya msumari, kilining'inia kibuyu chake, kile cha shanga za bluu mdomoni.

"Yeyo," alisema bila kugeuka. Sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa imemkauka. "Mmelalaje huko?"

Evarista aliyatua masufuria. "Tumelala, mwanangu."

"Kibuyu hicho si cha kurudisha."

"Tumekiona."

"Antonia."

"Nipo," Antonia alisema.

Nasha alitaka kusema kitu, huenda utani, kwa maana mabega yake yalipanda kama yalivyopanda kila alipotaka kutania. Kisha yakashuka. Hakugeuka mpaka Landrova ilipowaka na kuondoka.

Njiani, Karatu ilipopungua nyuma yao na mashamba ya ngano yakaanza, Antonia alifungua kibuyu kilichokuwa mapajani mwake. Akanywa. Evarista alimtazama kooni, jinsi alivyomtazama alipokuwa mtoto mwenye homa, akaona maziwa yanashuka na hayarudi. Antonia akafuta mdomo kwa kiganja, akakiziba kibuyu, akakigeuzageuza.

"Kisirudi kitupu, alikuwa akisema."

"Ndiyo."

"Sasa hakirudi kabisa."

Ndipo kilio kilipomtoka. Kilikuja chote kwa pamoja, kile cha wodini na cha makaburini na cha nyuma ya ukuta wa Germana. Alilia kwa sauti kubwa, amekikumbatia kibuyu kifuani kama kitu kinachohitaji kufunikwa, na hakukuwa na jirani wa kusikia, ila ngano na vumbi. Inosenti alishtuka, akakanyaga mafuta ili wafike upesi.

Evarista alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akamgusa bega.

"Polepole, baba," alisema. "Safari hii hatuna tunachowahi."